Jinsi ya kunasa sauti ya ndani ya kompyuta unaporekodi kioo

Katika toleo hili tunapenda kujibu swali ambalo watendaji wetu wa vituoni wametuuliza mara nyingi: kwa nini mtu akirekodi yanayoonekana kwenye kioo cha kompyuta anapata picha nzuri lakini sauti haipo, au ipo lakini imechanganyika na jogoo, mvua na mazungumzo ya watu walio nje ya dirisha? Ukilisikia swali hili unaona ni dogo. Sisi wenyewe tulilidharau mpaka siku lilipotugharimu.

Mwaka 2022 daktari mmoja wa watoto alikubali kuwafundisha wauguzi wa zahanati zetu kwa njia ya mkutano wa video. Somo lilihusu mtoto mchanga anayezaliwa bila kupumua: namna ya kumkausha, kumchangamsha, na asipoitika, kumpa hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika moja haijapita. Kwa kuwa baadhi ya zahanati hazina mtandao wa kutosha kufuata mkutano wa video, tulipanga kurekodi kioo cha kompyuta ya ofisi muda wote wa somo, kisha kuwapelekea wauguzi filamu hiyo kwenye flashi. Somo lilichukua saa moja na nusu. Daktari alieleza vizuri sana, akaonyesha kwa mwanasesere, akawa anahesabu kwa sauti ili kila mmoja apate mwendo wa kubana mfuko.

Tulipeleka flashi zile bila kuzisikiliza. Hilo ndilo kosa letu la kwanza, na tunalikiri. Baada ya siku kumi muuguzi mmoja mtu mzima alitupigia simu akasema, “Mwanangu, huyu daktari tunamwona anafungua mdomo tu. Mikono tunaiona, lakini anahesabu kwa kasi gani?” Tulifungua faili tukakuta ni kweli. Picha ilikuwa safi kabisa. Sauti iliyosikika ilikuwa ya kiti kikilia, mtu akikohoa, na mtu akibonyeza vitufe vya kompyuta. Sauti ya daktari haikuwamo hata neno moja.

Katika somo lile sauti ndiyo iliyobeba jambo lenyewe. Mtoto asiyepumua hupewa hewa mara 40 hadi 60 kwa dakika. Mwendo huo haujifunzi kwa kutazama picha bubu. Unajifunza kwa kusikia anayehesabu na kuhesabu pamoja naye.

Kwa nini sauti ilipotea

Ili kuelewa, ni vema kufuata njia ambayo sauti hupita. Daktari anapozungumza kwake, sauti yake hugeuzwa kuwa tarakimu na kusafiri kwenye mtandao hadi kwenye kompyuta yetu. Ndani ya kompyuta bado ni tarakimu. Programu ya mkutano huzikabidhi kwa mfumo wa kompyuta, mfumo huzichanganya na sauti nyingine zinazochezwa wakati ule (kwa mfano mlio wa barua pepe inayoingia), kisha huzipeleka kwenye kadi ya sauti. Kadi huzigeuza kuwa umeme, umeme huenda kwenye spika, spika hutikisa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayofika masikioni mwetu.

Programu nyingi za kurekodi kioo, zisipoelekezwa vinginevyo, huchukua sauti kutoka mahali pamoja tu, nayo ni maikrofoni. Maikrofoni haijui lolote kuhusu yaliyomo ndani ya kompyuta. Kazi yake ni kusikiliza chumba. Kwa hiyo sauti ya daktari ilitakiwa itoke kwenye spika, ipite hewani, irudi tena ndani kupitia maikrofoni. Siku ile mtumishi wetu alikuwa amevaa hedfoni, kwa nia njema kabisa ya kutowasumbua wenzake. Sauti ikaishia masikioni mwake. Maikrofoni ikabaki na kiti na kikohozi.

Wengi wakishagundua hayo huvua hedfoni na kufungulia spika kwa nguvu. Nasi tulifanya hivyo hivyo kwenye kikao kingine wiki iliyofuata, msimu wa mvua, chini ya paa la bati. Yeyote aliyewahi kusali au kusoma chini ya bati mvua ikinyesha anajua tulichopata. Na hata kusipokuwa na mvua, sauti iliyopita hewani hupungua ubora wake: inakuwa na mwangwi wa kuta, inakuwa kama ya mtu anayezungumza ndani ya pipa. Ni sawa na mtu mwenye bomba nyumbani ambaye badala ya kukinga ndoo bombani anasubiri maji yamwagike uani ndipo ayachote.

Dawa ni kuielekeza programu ichukue sauti bombani, yaani kabla haijatoka kwenye spika. Hiyo ndiyo tunayoiita sauti ya ndani. Ikichukuliwa huko, hata spika zikizimwa au hedfoni zikivaliwa, rekodi inaipata, na mvua haina mlango wa kuingilia.

Kompyuta za Windows

Kwenye kompyuta nyingi za zamani, kadi ya sauti yenyewe ilikuwa na mlango wa kurudisha ndani sauti inayotoka. Mlango huo huitwa Stereo Mix, na kwenye kadi za Sound Blaster uliitwa What U Hear. Wakati wa Windows XP ulionekana wazi, na aliyetaka aliuchagua tu. Kuanzia Windows Vista, iliyofika madukani Januari 2007, mara nyingi mlango huo umefichwa au umezimwa, na ndiyo sababu watu wengi hudhani kwamba kompyuta yao haina uwezo huo.

Kuutafuta si kazi. Nenda kwenye mipangilio ya sauti, fungua dirisha lenye kichupo kiitwacho Recording, kisha bofya kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu ndani ya orodha na uchague Show Disabled Devices. Kama Stereo Mix ipo, itajitokeza ikiwa na rangi hafifu. Ibofye tena kwa kitufe cha kulia na uchague Enable. Kuanzia hapo programu yako ya kurekodi itaiona kana kwamba ni maikrofoni nyingine. Isipojitokeza, basi kadi yako au kiendeshi chake hakina mlango huo, na usipoteze siku nzima ukiutafuta.

Tahadhari moja. Stereo Mix husikia tu sauti inayopita kwenye kadi ile ile. Ukichomeka hedfoni za USB, au ukitumia spika zisizo na waya, sauti hupita njia nyingine kabisa na Stereo Mix itarekodi kimya. Tumeona jambo hili likiwachanganya hata mafundi.

Habari njema ni kwamba tangu hiyo Vista, Windows yenyewe ina njia ya kuisikiliza sauti inayopelekwa kwenye spika bila kutegemea ukarimu wa kadi. Programu za kisasa hutumia njia hiyo. Audacity, programu ya bure ya sauti iliyoanza kutolewa mwaka 2000, inaifikia ukichagua mfumo wa sauti uitwao Windows WASAPI, kisha kwenye orodha ya vifaa vya kurekodia ukachagua kile ambacho jina lake linaishia na neno loopback. Hii inafaa kwa anayetaka sauti peke yake, kwa mfano kwa ajili ya redio ya jamii.

Kwa anayetaka picha na sauti pamoja, sisi tumekaa na OBS Studio. Ni ya bure, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2012, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ukiifungua mara ya kwanza inatisha kidogo kwa wingi wa vitufe, lakini anayerekodi somo anahitaji vichache tu. Kwenye sehemu ya Sources bofya alama ya kujumlisha na uchague Display Capture. Kioo chako kitaonekana ndani ya dirisha. Chini yake utaona mistari miwili ya sauti: Desktop Audio, ambayo ndiyo sauti ya ndani, na Mic/Aux, ambayo ni maikrofoni. Cheza wimbo wowote uone mstari wa Desktop Audio ukiruka. Usiporuka, nenda kwenye Settings, kisha Audio, uchague kwa jina kifaa ambacho sauti yako inatokea kwa wakati huo, iwe spika au hedfoni.

Ambaye kompyuta yake haina nafasi ya kuweka programu mpya anaweza kutumia zilizokuja na Windows. Tangu Windows 10 ya mwaka 2015 ipo Game Bar, unayoifungua kwa kubonyeza pamoja kitufe chenye nembo ya Windows na herufi G. Ilikusudiwa kwa wacheza michezo lakini haimkatazi mwalimu. Upungufu wake ni kwamba inarekodi dirisha la programu moja tu, si kioo kizima. Windows 11 nayo ina Snipping Tool, ambayo tangu mwaka 2023 inaweza kurekodi sehemu ya kioo pamoja na sauti.

Mac, Linux na simu

Kwa miaka mingi kompyuta za Mac hazikuwa na mlango wowote wa sauti ya ndani. Ilibidi mtu aweke programu ndogo inayojifanya kuwa kadi ya sauti, mfano Soundflower zamani na BlackHole baadaye, kisha aelekeze sauti huko. Njia hiyo bado inafanya kazi, ila usipoweka mambo sawasawa wewe mwenyewe hutasikia kitu wakati rekodi inaendelea. Kuanzia macOS 13 ya mwaka 2022, mfumo wenyewe unaruhusu programu kama OBS kuchukua sauti pamoja na picha ya kioo, na usumbufu ule umekwisha.

Kwenye Linux, ikiwemo Ubuntu, ni rahisi kuliko kote. Kila kifaa cha kutolea sauti kina mwenzake wa kusikilizia, na jina lake huanza na Monitor of. Ukilichagua hilo, umemaliza.

Simu zinahitaji maelezo kidogo, maana wauguzi na walimu wengi wana simu na si kompyuta. Kabla ya Android 10, iliyotoka mwaka 2019, programu za kawaida hazikuruhusiwa kuchukua sauti ya ndani ya simu hata kidogo. Android 11 ya mwaka 2020 ilileta kirekodi cha kioo ndani ya mfumo wenyewe, na unapokianzisha kinakuuliza: maikrofoni, sauti ya kifaa, au vyote viwili. Lakini sauti ya mazungumzo ya simu haimo katika ruhusa hiyo. Ukifundishwa kwa simu ya video ya WhatsApp na ukarekodi kioo, utapata picha ya mwalimu bila sauti yake, sawasawa na masaibu yetu. Tumeulizwa mara nyingi kama kuna mpangilio wa kulirekebisha hilo. Mfumo umefungwa hivyo makusudi ili watu wasirekodiwe mazungumzo yao kwa siri, na sisi tunaona wamefanya vema. Katika hali hiyo ni heri kumwomba mwalimu ajirekodi mwenyewe kwa simu yake na kukutumia faili.

Pale ambapo waya unatosha

Kompyuta ikiwa kuukuu mno kiasi kwamba ikirekodi na kuendesha mkutano kwa pamoja inakwama, ipo njia ya kizamani ambayo haijatuangusha: waya. Chukua waya wenye vichwa vya milimita 3.5 pande zote mbili. Kichwa kimoja chomeka kwenye tundu la hedfoni la kompyuta yenye mkutano (kwenye kompyuta za mezani huwa la kijani), na cha pili kwenye tundu la buluu la kompyuta nyingine, ambalo ni la kuingizia sauti. Usitumie la waridi kama la buluu lipo, kwa sababu la waridi ni la maikrofoni na limetegwa kwa sauti ndogo sana. Ukilitumia, anza na sauti ya chini kabisa la sivyo itakwaruza. Kompyuta za mkononi zenye tundu moja tu hazipokei sauti kwa waya wa aina hii. Kwa hizo nunua kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia sauti.

Mambo ambayo tumejifunza kwa gharama

Usifungulie maikrofoni na sauti ya ndani kwa pamoja huku spika zikiwa wazi. Sauti ya mwalimu itaingia mara mbili, moja moja kwa moja na nyingine ikiwa imechelewa kidogo kupitia hewani, na msikilizaji atasikia mtu anayejifuata. Kama unataka na maswali ya walio chumbani yaingie, vaa hedfoni. Katika OBS, kwenye Advanced Audio Properties, unaweza pia kuweka sauti ya ndani kwenye mkondo wa kwanza na maikrofoni kwenye mkondo wa pili, ili baadaye jogoo aondolewe bila kumgusa daktari.

Tazama rangi. Katika OBS sauti ya mzungumzaji icheze zaidi kwenye manjano. Ikibaki kijani siku nzima itakuwa ndogo mno. Ikigonga nyekundu mara kwa mara imekatika vichwa na hakuna fundi wa kuirudisha.

Umeme. Huenda hili ndilo kubwa kuliko yote kwa mazingira yetu. Faili la kawaida la MP4 umeme ukikatika katikati ya kurekodi kwa kawaida halifunguki tena, hata kama umerekodi saa nzima. Faili la MKV hubaki na yote yaliyorekodiwa mpaka sekunde za mwisho. Hivyo basi, rekodi kwa MKV, na somo likiisha fungua menyu ya File, chagua Remux Recordings, uligeuze kuwa MP4 ili lifunguke kwenye simu za wauguzi. Kazi hiyo ni ya dakika chache na haipunguzi ubora.

Nafasi. Sauti isiyobanwa, yenye ubora wa CD, hula kama megabaiti 10 kwa dakika, yaani zaidi ya 600 kwa saa. Ikibanwa kwa MP3 ya kilobiti 128 inashuka hadi megabaiti moja hivi kwa dakika, na kwa sauti ya mtu mmoja anayezungumza unaweza kushuka tena hadi nusu yake bila msikilizaji kulalamika. Somo letu lote la saa moja na nusu liliingia kwenye megabaiti 45 za sauti peke yake, na wauguzi kadhaa wanalisikiliza kwenye redio ndogo za kuchomeka flashi wakiwa jikoni.

Kwa upande wa picha, somo la kuonyesha slaidi halihitaji picha 30 kwa sekunde. Ukipunguza hadi 15 kompyuta itapumua.

Tena, usisahau kinyume chake. Mwalimu anaposhiriki kioo chake ili kuonyesha filamu ndani ya mkutano, washiriki hawatasikia sauti ya filamu asipoweka alama ya kushiriki sauti. Kwenye Zoom kisanduku hicho huandikwa Share sound. Ukirekodi vizuri namna gani, sauti ambayo haikutumwa haiwezi kunaswa. Mkumbushe mapema, kwa adabu, maana wengi ni wazee wetu na hawapendi kukatizwa katikati.

Ruhusa

Kwa kuwa sauti ya ndani hunaswa bila mtu kuona maikrofoni mbele yake, ni rahisi kumrekodi mtu asijue. Sisi huomba ruhusa kabla ya kubonyeza kitufe, na tunaomba tena rekodi ikishaanza ili jibu nalo liwemo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Habari za afya ya mtu zinahesabiwa kuwa nyeti katika zote mbili. Muuguzi akianza kusimulia habari ya mama fulani wa kijijini kwake kwa jina, tunasimamisha rekodi. Imetokea mara mbili, na mara zote mbili tulisimamisha.

Tulivyorudia

Tulimpigia daktari simu tukamweleza ukweli. Alicheka, kisha akakubali kurudia somo siku ya Jumamosi, na safari hii tuliketi naye dakika kumi kabla: tukamwomba ahesabu mpaka ishirini, tukarekodi, tukasimamisha, tukavaa hedfoni na kusikiliza kile kilichoandikwa kwenye faili, si kile kilichokuwa kikisikika kwenye mkutano. Mara ya kwanza palikuwa kimya, kwa sababu kompyuta ilikuwa imehamia kwenye spika nyingine bila kutuambia. Tulirekebisha. Mara ya pili hesabu yake ilisikika yote.

Mvua ilinyesha siku ile pia. Muuguzi yule mtu mzima alipopata flashi yake alituambia kwamba yeye na mwenzake wanaifungua mara moja kwa wiki wakiwa na mfuko na mwanasesere, wanahesabu pamoja na daktari mpaka mikono inachoka. Aliomba kipande cha kuhesabu kikatwe peke yake, dakika tatu tu, kiwekwe kwenye simu yake. Tumekikata, na zahanati yoyote inayokihitaji ilete flashi au kadi ya simu ofisini kwetu siku za kazi.